Jinsi ya Kusoma Alama za Falme za Dunia katika Danieli na Ufunuo: Mwongozo kwa Viongozi wa Vikundi vya Biblia

Katika vikundi vya kujifunza Biblia vinavyotumia Kiswahili hapa Uganda, iwe ni Busia na Malaba mpakani, iwe ni Arua au katika makanisa ya kambi za polisi na jeshi jijini Kampala, kitabu cha Danieli mara nyingi hufunguliwa kwa hamu na kufungwa kwa mabishano. Mzee mmoja hushikilia kwamba mnyama wa nne ni Roma, kijana mmoja hudai kwamba ni Marekani au Umoja wa Ulaya, na mwingine huleta simu yenye video aliyotumiwa jana usiku, ambayo imekwisha kutaja hata mwaka wa mwisho wa dunia. Ugumu wa maono hauelezi mabishano hayo yote. Sehemu kubwa inatokana na mahali watu wanapoanzia, kwa kuwa wengi huanza na Ufunuo 13, ambako karibu hakuna alama iliyofasiriwa kwa jina, kisha hurudi kwa Danieli wakiwa wamekwisha kuamua watakachokikuta. Mwongozo huu unamwelekeza kiongozi wa kikundi afuate njia ya kinyume, yaani aanze pale ambapo Biblia yenyewe imezitaja falme kwa majina, kisha asogee taratibu kuelekea sehemu ambazo hazikutajwa, huku kila mshiriki akijua ni wakati gani anasoma Maandiko na ni wakati gani anasikiliza maoni ya watu.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: Biblia, daftari, kalamu, na ramani ya nchi za kale, ambayo matoleo mengi ya Biblia huwa nayo kurasa za nyuma. Inafaa pia awepo mtu mwenye Biblia ya Kikatoliki, kwa sababu ndani yake kimo kitabu cha kwanza cha Wamakabayo, ambacho kitahitajika sana katika hatua ya pili. Asiye Mkatoliki hana haja ya kukikubali kama Maandiko Matakatifu ili anufaike nacho. Akisome kama habari ya historia iliyoandikwa na Wayahudi wenyewe. Kiongozi atenge vipindi kadhaa kwa somo hili, kwa maana anayejaribu kulimaliza kwa jioni moja atalazimika kuruka mambo, na kwa kawaida kinachorukwa ni ushahidi.

Hatua ya kwanza: Gawanya daftari katika safu tatu

Safu ya kwanza ipewe kichwa «Maandiko yanasema», ya pili «Historia inaonyesha», na ya tatu «Wasomaji wanafasiri». Kila jambo litakalosemwa katika kikundi liandikwe katika safu moja tu. Kwa mfano, kwamba kondoo mume mwenye pembe mbili ni wafalme wa Umedi na Uajemi ni jambo la safu ya kwanza, kwa kuwa limo katika Danieli 8:20. Kwamba jeshi la Koreshi liliingia Babeli mwaka 539 KK ni jambo la safu ya pili, maana linathibitishwa na maandishi ya Wababeli yaliyochorwa juu ya udongo. Kwamba mbavu tatu katika kinywa cha dubu wa Danieli 7 ni Lidia, Babeli na Misri ni jambo la safu ya tatu, hata kama mhubiri mnayempenda amelisema mara nyingi na hata kama, kwa maoni yangu, si tafsiri mbaya. Kazi hii huonekana ya kitoto mwanzoni, lakini baada ya vipindi viwili washiriki wenyewe huanza kusahihishana kwa kuuliza, «Hilo ni la safu gani?»

Hatua ya pili: Anza na Danieli 8

Sura hii ndiyo mlango wa somo zima, kwa sababu malaika Gabrieli anazifasiri alama zake kuu kwa majina yanayojulikana. Isomeni yote kwa sauti, kisha rudini kwenye aya ya 20 hadi ya 22. Kondoo mume ni Umedi na Uajemi, beberu ni Uyunani, na pembe kubwa iliyo kati ya macho ya beberu ni mfalme wake wa kwanza. Mambo hayo matatu yaandikwe katika safu ya kwanza kabla ya mtu yeyote kusema lolote lingine.

Baada ya hapo fungueni ramani. Danieli anasema alijiona yuko Shushani, karibu na mto Ulai, na Shushani ilikuja kuwa mmoja wa miji mikuu ya wafalme wa Uajemi. Kondoo mume anapiga kwa pembe kuelekea magharibi, kaskazini na kusini, na ndivyo Waajemi walivyoenea: Koreshi aliitwaa Lidia, katika nchi ya Uturuki ya leo, karibu mwaka 546 KK, akaitwaa Babeli mwaka 539 KK, na mwanawe Kambise akaiteka Misri mwaka 525 KK. Zingatieni pia kwamba pembe moja ya kondoo ilikuwa ndefu kuliko nyingine na kwamba ile ndefu ndiyo iliyotokea mwisho. Wamedi walitangulia kuwa na nguvu, lakini Koreshi, aliyekuwa Mwajemi, aliwashinda karibu mwaka 550 KK, na tangu hapo Waajemi wakawa juu. Ni nadra alama ndogo namna hii kulingana na historia kwa usafi kiasi hicho, kwa hiyo msiipite haraka, maana itawasaidia tena mtakapomkuta dubu.

Beberu anatoka magharibi akienda kasi hata miguu yake haigusi ardhi. Alexander Mkuu alivuka kuingia Asia mwaka 334 KK, akamshinda Dario wa Tatu, mfalme wa Uajemi, huko Issus mwaka 333 KK na tena huko Gaugamela mwaka 331 KK, na mwaka 323 KK akafa Babeli akiwa na umri wa miaka 32. Pembe kubwa ilivunjika, kama maono yanavyosema, ilipokuwa katika nguvu zake. Kuhusu pembe nne zilizotokea mahali pake, ni vyema kiongozi awe mwaminifu kwa kikundi chake: majemadari wa Alexander hawakugawana nchi kwa amani siku ya mazishi, bali walipigana kwa zaidi ya miaka 20, na katika miaka hiyo walikuwapo wenye nguvu zaidi ya wanne au pungufu. Mgawanyo wa watawala wanne unaotajwa katika vitabu vingi ni ule uliofuata vita vya Ipsus vya mwaka 301 KK, ambapo Cassander alikuwa na Makedonia, Lysimachus alikuwa na Thrakia na sehemu ya Asia Ndogo, Seleucus alikuwa na Shamu na nchi za mashariki, na Ptolemy alikuwa na Misri.

Kutoka katika mojawapo ya pembe hizo hutokea pembe ndogo inayokua, inayoondoa sadaka ya daima na kupaangusha mahali patakatifu. Hapa ndipo kitabu cha kwanza cha Wamakabayo kinapofunguliwa. Aya tisa za mwanzo za sura yake ya kwanza zinaeleza kwa ufupi habari ya Alexander na majemadari wake, na aya ya kumi inamleta Antiochus Epiphanes, mfalme wa ukoo wa Seleucus, aliyetawala tangu mwaka 175 hadi 164 KK. Aya ya 54 inasimulia jinsi chukizo la uharibifu lilivyosimamishwa juu ya madhabahu ya Yerusalemu mnamo tarehe 15 ya mwezi wa Kiyahudi wa Kislevu, na sura ya nne inasimulia jinsi Yuda Makabayo na ndugu zake walivyolitakasa hekalu tarehe 25 ya mwezi huohuo, miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 164 KK. Wafasiri wengi, wa zamani kwa wa sasa, wanakubaliana kwamba pembe ndogo ya Danieli 8 inamhusu mfalme huyu kwanza, ingawa wengine huona ndani yake pia kivuli cha mtu wa baadaye, na wengine, hasa Waadventista, huielekeza Roma. Makubaliano hayo makubwa yaandikwe, na tofauti hizo ziandikwe pia, kila moja mahali pake.

Hatua ya tatu: Rudi kwenye sanamu ya Danieli 2

Sanamu ya Nebukadreza inajulikana hata na watoto wa shule ya Jumapili: kichwa cha dhahabu, kifua na mikono ya fedha, tumbo na viuno vya shaba, miguu ya chuma, na nyayo za chuma kilichochanganyika na udongo. Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba Danieli anataja jina la mwenye sehemu moja tu, pale anapomwambia mfalme, «Wewe u kichwa kile cha dhahabu.» Nebukadreza alitawala kuanzia mwaka 605 hadi 562 KK, na dhahabu inamfaa, kwa maana hata Yeremia 51:7 inaiita Babeli kikombe cha dhahabu mkononi mwa Bwana. Falme tatu zinazofuata hazina majina katika sura hii, na kikundi kitaweza kuzijaza kwa msaada wa sura ya 8, lakini kwa kuandika katika safu ya pili na ya tatu.

Sehemu ya kuchunguza kwa makini ni nyayo. Mhubiri akisimama na kueleza vidole kumi vya sanamu kwamba ni mataifa kumi, mwombeni aonyeshe aya yenye hesabu hiyo, naye hataipata. Aya za 41 na 42 zinataja vidole bila kutaja idadi, na ingawa ni kweli kwamba sanamu ya mtu huwa na vidole kumi, mwandishi hakujengea hoja yake juu ya hesabu hiyo. Jambo alilolisisitiza ni mchanganyiko: ufalme una nguvu upande mmoja na unavunjika upande mwingine, na watu wake hujichanganya kwa mbegu za wanadamu bila kushikamana. Wapo wanaoona hapa ndoa za kisiasa kati ya ukoo wa Seleucus na ukoo wa Ptolemy, ambazo Danieli 11 inazigusa kwa karibu sana, na wapo wanaoona ndoa za koo za kifalme za Ulaya. Mimi naona ya kwanza inakaa karibu zaidi na kitabu chenyewe, lakini hilo nalo ni la safu ya tatu.

Hatua ya nne: Wapange wanyama wa Danieli 7 sambamba na yale mliyokwisha kuyapata

Kabla ya kuwatambua wanyama, kiongozi aeleze kwa nini ufalme huwakilishwa na mnyama, na hapa msomaji wa Uganda hana haja ya kwenda mbali. Korongo mwenye taji yuko katikati ya bendera ya taifa, na katika Buganda mtu wa ukoo wa Ngo anatambulishwa kwa chui na wa ukoo wa Mpologoma kwa simba. Hakuna anayemuuliza mtu wa Ngo madoa yake ni mangapi. Mnyama anatambulisha kundi la watu na kuonyesha jambo moja au mawili juu yao, wala si kila unyoya na kila ukucha una fumbo lake. Kanuni hiyo ikikubalika mapema, itapunguza nusu ya mabishano yanayokuja.

Kisha someni Hosea 13:7-8, ambako Mungu mwenyewe anasema atakuwa kwa Israeli kama simba, kama chui anayevizia njiani, kama dubu aliyenyang'anywa watoto wake, na kama mnyama wa mwitu anayerarua. Hawa ndio wanne wa Danieli 7, ingawa chui na dubu wamebadilishana nafasi. Msikilizaji wa kwanza wa Danieli aliyekuwa amekulia katika Maandiko alisikia, nyuma ya ngurumo za mataifa, sauti ya adhabu ambayo nabii alikuwa amekwisha kuitangaza, na maneno hayo ya Hosea yanaeleza chaguo la wanyama hao kuliko kitabu chochote cha wanyamapori.

Simba mwenye mabawa ya tai ndiye rahisi kuliko wote. Yeremia 4:7 inamlinganisha mvamizi kutoka kaskazini na simba aliyepanda kutoka kichakani mwake, na Yeremia 50:17 inamtaja Nebukadreza kwa jina katika habari ya simba waliomfukuza Israeli. Wachimbuaji wa Kijerumani walioongozwa na Robert Koldewey tangu mwaka 1899 walifukua huko Babeli kuta za njia ya maandamano zilizopambwa kwa simba wa matofali yenye rangi, na baadhi yao wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Berlin. Pamoja na hayo, ushahidi bora zaidi umo ndani ya Danieli mwenyewe. Simba huyu anang'olewa mabawa, anasimamishwa kwa miguu miwili kama mtu na kupewa moyo wa mwanadamu. Katika sura ya nne Nebukadreza anapewa moyo wa mnyama, nywele zake zinakuwa kama manyoya ya tai, kisha anarudishiwa akili za kibinadamu. Sura hizo mbili zinasomana.

Dubu ameinuliwa upande mmoja, nanyi mmekwisha kukutana na kondoo ambaye pembe yake moja ilikuwa ndefu kuliko ya pili. Chui ana mabawa manne na vichwa vinne, nanyi mmekwisha kukutana na beberu asiyegusa ardhi na pembe zake nne. Kwa hiyo mfuatano wa Babeli, Umedi na Uajemi, kisha Uyunani, unajengwa na kitabu chenyewe bila kuhitaji msaada mkubwa kutoka nje. Uganda haina dubu, na washiriki wengine watataka kujua tabia zake. Inatosha kusema kwamba ni mnyama mzito, mwenye nguvu, anayekula karibu kila kitu, kisha kuendelea mbele.

Hatua ya tano: Mweke mnyama wa nne peke yake

Huyu hana jina la mnyama wala jina la nchi. Ana meno ya chuma, pembe kumi, na pembe ndogo yenye macho na kinywa cha majivuno. Kiongozi aeleze waziwazi kwamba tangu zamani zipo njia mbili kuu za kumfahamu.

Njia ya kwanza inasema ni Roma. Ilikwisha kuwapo mwishoni mwa karne ya kwanza, kwa sababu kitabu cha Kiyahudi kinachoitwa Esdra wa Nne kinaonyesha ufalme wa nne kama tai, yaani Roma, na kinakiri kwamba Danieli hakufasiriwa hivyo hapo zamani. Hippolytus na Jerome, walimu wa Kanisa la kale, waliifuata, na ndiyo iliyo maarufu zaidi katika makanisa yetu. Nguvu yake ni kwamba Danieli 5:28 inasema ufalme wa Babeli walipewa Wamedi na Waajemi kwa pamoja, na kwamba kondoo mume wa sura ya 8 ni mmoja, si wawili. Basi Umedi na Uajemi ni ufalme wa pili, Uyunani ni wa tatu, na wa nne ni lazima aje baada ya Uyunani. Pompey, jemadari wa Roma, aliingia Yerusalemu mwaka 63 KK, na jeshi la Tito likalichoma hekalu mwaka 70 BK.

Njia ya pili inasema mnyama wa nne ni Uyunani, hasa ufalme wa Seleucus, na kwamba Umedi na Uajemi wahesabiwe mbalimbali. Porphyry, mwanafalsafa aliyeupinga Ukristo, aliona kwamba kitabu kinafikia kilele kwa Antiochus, na Jerome aliandika kumjibu. Lakini njia hii isihukumiwe kwa sababu ya Porphyry, kwani baadhi ya Wakristo wa Shamu waliifuata, na wataalamu wengi wa leo wanaishika. Nguvu yake ni kwamba Danieli 5:31 inamtaja Dario Mmedi kama mfalme kabla ya Koreshi, na kwamba pembe ndogo ya sura ya 7 inafanana mno na pembe ndogo ya sura ya 8. Udhaifu wake ni huyo kondoo mume mmoja mwenye pembe mbili, na sijaona maelezo yanayoliondoa tatizo hilo kabisa.

Mimi naielekea njia ya kwanza kwa sababu ya kondoo huyo. Hata hivyo nisingependa kiongozi aipigie kura kikundini, wala asimruhusu mtu kuivuta pembe ndogo hadi kwenye kanisa la jirani. Martin Luther na wanamatengenezo wengi wa karne ya 16 waliutaja upapa, na tafsiri hiyo bado inafundishwa na baadhi ya makanisa nchini, nayo iandikwe katika safu ya tatu pamoja na nyingine. Lakini Mganda yeyote anayejua kwamba Waprotestanti na Wakatoliki walipigana kwa bunduki huko Mengo mwezi Januari 1892, miaka michache tu baada ya vijana wa pande zote mbili kuuawa kwa ajili ya imani ileile huko Namugongo, ataelewa kwa nini maneno ya namna hiyo hayatamkwi hovyo mbele ya kikundi chenye watu wa madhehebu mbalimbali.

Hatua ya sita: Zipitie hesabu za siku bila kukaa

Mtakutana na wakati na nyakati mbili na nusu wakati katika 7:25, nyakati za jioni na asubuhi 2300 katika 8:14, na siku 1290 na 1335 katika sura ya 12. Baadhi huzihesabu kama siku za kawaida za mateso ya Antiochus. Wengine, wakitumia Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6, huifanya kila siku kuwa mwaka. Kwa njia hii ya pili, wafuasi wa mhubiri William Miller huko Marekani walihesabu miaka 2300 tangu mwaka 457 KK wakafika 1844, na tarehe 22 Oktoba ya mwaka huo wakamngoja Kristo hadi usiku ukaisha. Waadventista waliotokana na tukio hilo waliibakiza hesabu lakini wakaielewa kwa namna nyingine, kuwa inahusu huduma ya Kristo mbinguni. Huku kwetu, mamia ya watu waliokuwa wakingojea mwisho wa dunia walikufa Kanungu tarehe 17 Machi 2000. Kiongozi asikubali tarehe ya baadaye iandikwe katika daftari, hata katika safu ya tatu.

Hatua ya saba: Fungua Ufunuo 13 na 17 sasa, wala si mapema

Mnyama anayetoka baharini katika Ufunuo 13 ana mwili kama wa chui, miguu kama ya dubu, na kinywa kama cha simba. Waulize washiriki wamewaona wapi wanyama hao, nao watajibu wenyewe. Yohana anawataja kwa mpango wa kurudi nyuma, kwani anaanzia alipo, akiwa mfungwa katika kisiwa cha Patmo chini ya utawala wa Warumi, na anatazama falme zilizotangulia. Kisha wahesabu vichwa vya wanyama wa Danieli 7: simba ana kimoja, dubu kimoja, chui vinne, na wa nne kimoja, jumla saba, pembe ni kumi. Mnyama wa Yohana ana vichwa saba na pembe kumi. Yohana hasemi kwamba amejumlisha, kwa hiyo hesabu ya vichwa ni ya safu ya kwanza na hitimisho ni la safu ya tatu, lakini ni vigumu kuona kwamba ilitokea kwa bahati tu. Katika macho yake, ukatili wote wa falme zilizopita umekusanyika katika mwili mmoja.

Sura ya 17 ina funguo zake ndani yake. Maji ni makabila na mataifa, kwa aya ya 15; vichwa saba ni milima saba, kwa aya ya 9; na mwanamke ni mji mkubwa wenye ufalme juu ya wafalme wa nchi, kwa aya ya 18. Katika siku za Yohana mji wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu, na sifa yake ya kukaa juu ya vilima saba haikuwa siri. Mwaka 71 BK, chini ya Kaisari Vespasian, ilitolewa sarafu ya shaba ambayo upande wake mmoja unamwonyesha mungu mke Roma ameketi juu ya vilima saba, mto Tiber ukiwa pembeni yake, na mbwa-mwitu jike akiwanyonyesha wale mapacha wa hadithi ya mwanzo wa mji. Mkristo wa Efeso angeweza kuishika sarafu hiyo mkononi, kisha siku ya Bwana akasikia habari ya mwanamke aketiye juu ya milima saba, amelewa kwa damu ya watakatifu. Jina la Babeli, ambalo mwanamke huyo amepewa katika aya ya 5, linaeleweka pia kwa mji huo, kwa kuwa Roma iliteketeza hekalu la Yerusalemu kama Babeli ilivyofanya miaka zaidi ya 600 kabla yake. Hata salamu ya 1 Petro 5:13 kutoka Babeli wengi huisoma kuwa ni kutoka Roma.

Wafalme saba wa aya ya 10, ambao watano wameanguka na mmoja yupo, ni sehemu ambayo napendekeza kikundi kiipite kwa dakika chache. Wanaohesabu makaisari hawakubaliani kama waanze na Julius au Augustus, wala kama wawahesabu wale watatu wa mwaka 69 BK waliotawala kwa miezi tu. Wanaohesabu falme huanza na Misri na Ashuru, ambazo Danieli hakuzitaja katika maono yake ya wanyama. Andikeni majibu yote mawili na kuendelea.

Hatua ya nane: Jiandae kwa swali la 666

Swali hili litaulizwa, na mara nyingi litahusu kitambulisho cha taifa, chanjo, au simu. Kiongozi asilidharau, maana anayeuliza huwa ana hofu ya kweli. Aanze kwa kueleza kwamba katika Kiebrania na Kiyunani herufi zilitumika pia kama tarakimu, hivyo kila jina lilikuwa na jumla yake. Jina la Kaisari Nero likiandikwa kwa herufi za Kiebrania, Neron Kesar, linatoa 50, 200, 6, 50, 100, 60 na 200, ambazo jumla yake ni 666. Likiandikwa bila N ya mwisho linatoa 616, na nakala chache za kale za Ufunuo zina hesabu hiyo ya 616. Irenaeus, askofu wa karne ya pili, aliijua tofauti hiyo na akaitetea 666, akajaribu majina kadhaa, kisha akakataa kutangaza kwa uhakika jina la mtu yeyote, ingawa alikuwa karibu na nyakati za Yohana kuliko mwalimu yeyote wa leo.

Baada ya hesabu, mrudishe muulizaji katika aya zinazotangulia. Alama ya 13:16-17 inahusu kununua na kuuza, lakini inakuja mara tu baada ya 13:15, inayozungumza juu ya watu kuuawa kwa kukataa kuisujudia sanamu ya mnyama. Katika miji ya Asia ambayo Yohana aliiandikia, jambo hilo lilikuwa na majengo yake: Pergamo ilikuwa na hekalu la Roma na Augustus tangu mwaka 29 KK, na Efeso ilijengewa hekalu la ukoo wa Kaisari Domitian katika miaka ya mwisho ya karne ya kwanza. Basi muulize, kwa upole, kama katika ofisi alikopigiwa picha ya kitambulisho aliombwa kumsujudia mtu yeyote. Akijibu kwamba hakuombwa, someni naye aya ya 11 hadi ya 18 kwa mfululizo, naye aandike kwa mkono wake mwenyewe ni maneno gani ya aya hizo yanakwenda katika safu ya kwanza.